Maji ya Moto, Matope na Uchuaji katika Utengamao: Yanayomfaa Mgonjwa wa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Mkulima wa Umatengo hulima mlimani. Mashimo ya ngoro, ambayo kwa vizazi vingi yamezuia udongo wa miteremko ya Mbinga usisombwe na mvua, hutengenezwa kwa jembe la mkono: wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake huchimba udongo na kuzifunika, mgongo ukiwa umeinama na mguu mmoja ukiwa juu kuliko mwingine. Kahawa huchumwa kwenye miteremko hiyohiyo. Huko chini ziwani, kilomita 66 kwa barabara kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, mvuvi huvuta nyavu zilizolowa usiku kucha, na asubuhi wanawake huanika usipa wakiwa wameinama juu ya vichanja. Mgongo, magoti na mabega ndiyo yanayolipa gharama ya kazi hizo.

Mgonjwa wa namna hiyo, akishameza vidonge vya kutuliza maumivu kwa miezi kadhaa bila nafuu ya kudumu, huanza kuuliza habari za tiba nyingine. Ndugu aliyeko Mbeya humsimulia habari za majimoto ya Songwe. Jirani humpendekezea mchuaji. Mama mkwe huinjika sufuria jikoni. Mtumishi wa zahanati anayejibu maswali haya kwa neno moja tu, ama "nenda" ama "usiende", hamsaidii mgonjwa, kwa kuwa katika tiba hizi yapo yanayofaa kweli, yapo yasiyodhuru wala kufaa, na yapo yanayoweza kumrudisha mgonjwa wodini akiwa na hali mbaya kuliko aliyoondoka nayo.

Kituo cha majimoto ni nini

Maji yanayotoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi au zaidi huitwa majimoto kwa kipimo kinachotumika Ulaya. Na yakiwa na gramu moja au zaidi ya madini yaliyoyeyuka katika kila lita, huhesabiwa kuwa maji ya madini. Katika nchi kama Ufaransa, Ujerumani, Hungaria na Poland, chemchemi hizo zimejengewa vituo vyenye madaktari, wataalamu wa fiziotherapia na wauguzi. Mgonjwa huandikiwa na daktari, naye hukaa hapo kwa takriban majuma matatu. Ufaransa bima ya afya ya taifa hugharimia siku 18 za matibabu kwa mtu anayestahili. Kwa siku moja mgonjwa anaweza kuoga katika bwawa la vuguvugu, kufanya mazoezi ndani ya maji, kufunikwa kwa matope ya madini yenye nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 15 au 20, kuchuliwa misuli, kuvuta mvuke wenye chumvi kwa ajili ya njia ya hewa, kisha kupumzika. Mapumziko hayo, pamoja na kuwa mbali na jembe kwa majuma matatu, huenda yana sehemu kubwa katika nafuu inayopatikana kuliko wenye vituo wanavyopenda kukiri.

Afrika Mashariki ina maji ya namna hiyo kwa wingi, maana Bonde la Ufa linapita humo. Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya, maji hutoka yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 70 na kuacha tabaka za mawe ya chokaa. Amboni, karibu na Tanga, kuna chemchemi zenye harufu ya salfa ambazo watu huzioga kwa ajili ya viungo na ngozi. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, zipo chemchemi za Chiweta na za Nkhotakota. Kitagata, magharibi ya Uganda, wagonjwa hupiga kambi kandokando ya maji, na mojawapo ya chemchemi zake imepewa jina la Mulago, kama ile hospitali kuu ya Kampala. Jina hilo pekee laeleza watu wanatarajia nini hapo. Kuoga kwa ajili ya afya, bila chemchemi ya moto, nako ni desturi ya zamani ya Waswahili: Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi, Unguja, mwaka 1850, na mwanawe Barghash akajenga ile ya Hamamni katika Mji Mkongwe.

Tofauti kati ya chemchemi hizi na kituo cha Ulaya haimo katika maji. Imo katika bwawa lililopozwa na kupimwa joto, katika ngazi yenye kishikio, na katika mtu anayemtazama mgonjwa akiwa majini. Maji ya Songwe yanapochomoza ardhini humbabua mtu papo hapo.

Maji yanafanyaje kazi mwilini

Kazi ya kwanza ni kubeba. Mtu aliyesimama katika maji yanayomfika kiunoni hubeba kwa miguu yake takriban nusu tu ya uzito wake; yakimfika kifuani hubeba kama theluthi; yakimfika shingoni, kama sehemu moja ya kumi. Mwenye goti lililolika, asiyeweza kupiga hatua kumi nchi kavu bila kukunja uso, anaweza kutembea majini kwa robo saa, na misuli ya paja ikapata zoezi ambalo isingelipata kwa njia nyingine. Maji hayohayo humpinga anaposogea, na upinzani huo huongezeka kadiri anavyokwenda kwa kasi. Hivyo kila mgonjwa hujipimia mzigo wake mwenyewe.

Kazi ya pili ni joto. Mabwawa ya mazoezi huwekwa katika nyuzi 33 hadi 36, joto ambalo mwili hausikii baridi wala kutoa jasho jingi. Misuli iliyokakamaa hulegea, mishipa ya damu hutanuka, na maumivu hupungua kwa muda. Kazi ya tatu ni mgandamizo: maji hukamua damu na uowevu kutoka miguuni kwenda kifuani. Kwa mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama mno hilo ni jema. Kwa mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi ni hatari, kwa kuwa moyo usioweza kusukuma damu iliyopo huongezewa nyingine.

Kuhusu madini yenyewe, iwe salfa, chumvi au magadi, ushahidi ni haba. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalikusanya majaribio 13 yenye washiriki 1190 waliokuwa na ugonjwa wa kulika kwa goti au nyonga, nayo yalionyesha kwamba mazoezi ndani ya maji hupunguza maumivu na ulemavu kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi. Mapitio ya mwaka 2015 kuhusu kuoga maji ya madini kwa wenye baridi yabisi hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuyasifu. Hitimisho la haki kwa mgonjwa wa Mbinga ni kwamba sehemu inayofaa zaidi ya kituo cha majimoto, yaani joto la wastani pamoja na mazoezi, haimlazimu kusafiri.

Mfano wa Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, unasaidia kuweka matumaini mahali pake. Alipooza miguu mwaka 1921, na kuanzia 1924 akawa anakwenda kuogelea katika maji ya vuguvugu ya Warm Springs, jimbo la Georgia, ambako mwaka 1927 ilianzishwa taasisi ya wagonjwa wa polio. Mwili wake ulipata nguvu na moyo wake ukapata utulivu, akajifunza kusimama kwa vyuma vya miguu. Miguu haikupona. Mshipa wa fahamu uliokufa hauhuishwi na maji. Misuli iliyobaki ndiyo inayofundishwa kazi. Mgonjwa wa kiharusi na jamaa zake wanapaswa kuambiwa hivyo tangu siku ya kwanza, kwa upole lakini bila kuzungushazunguka.

Ziwa lenyewe

Kwa mtu anayekaa Liuli, Lituhi au Mbamba Bay, swali huwa rahisi zaidi: kwa nini asilitumie ziwa? Maji ya juu ya Ziwa Nyasa ni ya vuguvugu kwa sehemu kubwa ya mwaka, ufuo una mchanga, na hakuna ada.

Kizuizi kikubwa ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji, hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache, na hutoka kwa wingi zaidi saa za jua kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, yaani saa zilezile ambazo mgonjwa angependa kuoga kwa sababu maji yamepata joto. Penye magugu, maji yaliyotuama na watu wengi wanaofua na kujisaidia, hatari huzidi. Maji yaliyo wazi yenye mawimbi, mbali na magugu, hupunguza hatari tu, maana upande wa kusini wa ziwa, huko Malawi, imeonekana kwamba wapo konokono waenezao kichocho wanaoishi hata katika mchanga wa ufuo ulio wazi.

Kuna jambo moja ambalo kila mtumishi wa mwambao anapaswa kulikumbuka. Mayai ya kichocho yanaweza kunasa katika uti wa mgongo. Kijana aliyezoea kuoga ziwani anapopata maumivu ya kiuno, kisha katika siku au majuma machache miguu ikalegea na mkojo ukagoma kutoka, asipelekwe kwa mchuaji wala majini kufanya mazoezi. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa prazikwanteli na dawa za kutuliza uvimbe, zikitolewa mapema, zinaweza kuiokoa miguu yake. Zikichelewa, ulemavu hubaki. Ingekuwa msiba wa ajabu kumrudisha ziwani kutibiwa mtu aliyeugulia ziwani.

Mengine ya ziwa yanajulikana na wenyeji kuliko na mwandishi yeyote wa kitabu: upepo wa mwera unaochafua maji katika miezi ya kipupwe, na mamba wa midomo ya mito. Mwenye kifafa asiingie majini hata kidogo, awe na mtu wa kumshika au asiwe naye.

Beseni, ndoo na kiwiko

Kinachobaki ni maji ya nyumbani, na hapa ndipo penye faida kubwa zaidi na ajali nyingi zaidi. Mkono uliokakamaa baada ya kiharusi, vidole vya mwenye baridi yabisi asubuhi, kifundo kilichotoka katika plasta, vyote hunufaika na beseni la maji ya nyuzi 36 hadi 38 kwa dakika 15 hivi, mazoezi yakifanywa ndani ya maji hayohayo na kuendelezwa mara tu baada ya kutoka, misuli ikiwa bado imelegea. Bila mazoezi, joto huisha pamoja na maji kupoa.

Nyumba nyingi hazina kipimajoto, lakini kila nyumba ina kopo. Mbinga iko juu, na maji huko huchemka karibu na nyuzi 95. Kopo moja la maji yanayochemka likichanganywa na makopo matatu ya maji baridi yenye nyuzi 20 hutoa takriban nyuzi 39, na asubuhi za Juni na Julai, maji ya baridi yakiwa ya baridi kweli, hutoa pungufu ya hapo. Huko ziwani, ambako maji ya mtungi huwa na nyuzi 25 au zaidi, uwiano huohuo ungetoa nyuzi 43, ambazo ni nyingi mno. Kopo moja kwa makopo matano hutoa kama 37. Anayechanganya nusu kwa nusu, kama wengi wafanyavyo kwa mazoea, hupata maji yanayokaribia nyuzi 60, nayo huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache. Maji baridi hutiwa kwanza, ya moto baadaye. Kisha hupimwa kwa kiwiko, na kiwiko hicho kiwe cha mtu mzima wa afya, kisiwe cha mgonjwa.

Sharti hilo la mwisho linamhusu hasa mwenye kisukari. Miguu yake ikiwa na ganzi haimwambii kwamba maji yanaunguza, naye hugundua malengelenge jioni avuapo viatu. Lengelenge hilo huwa kidonda, na kidonda cha mguu wa kisukari mara nyingi huwa mwanzo wa safari ya kukatwa mguu. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kuugua ukoma na kwa upande uliopooza wa mgonjwa wa kiharusi. Kwa hao joto la vuguvugu, nyuzi 35 hivi, latosha, na ngozi ikaguliwe kabla na baada.

Kwenye mwambao lipo kosa jingine dogo lenye madhara. Maji ya ziwa yaliyochemshwa huwa hayana vimelea vya kichocho. Yakipozwa kwa kuongezewa maji mabichi ya ziwa, vimelea hurudi. Maji ya kupozea yawe ya bomba au kisima, au yawe ya ziwa yaliyokaa siku mbili katika chombo kilichofunikwa kisicho na konokono, kwa kuwa vimelea hivyo havidumu muda huo nje ya konokono.

Mzazi anayekandwa

Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto imeenea katika sehemu nyingi za Tanzania, nayo hutokana na huruma. Mwanamke aliyejifungua hukandwa tumbo na kiuno kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ambayo mkandaji mwenyewe huyastahimili kwa shida, ili damu "chafu" itoke. Mji wa mimba hausafishwi kwa joto la juu ya ngozi. Husinyaa wenyewe, na kunyonyesha huusaidia kusinyaa. Maji hayo yameunguza matumbo na mapaja, na kwa aliyepasuliwa yanaweza kuharibu mshono. Baya zaidi ni ucheleweshaji: mzazi anayetoka damu nyingi au mwenye homa na uchafu wenye harufu huendelea kukandwa nyumbani wakati angalipaswa kuwa njiani kwenda hospitali.

Kumkataza bibi aliyekanda wajukuu wote wa ukoo hakuleti tija kama hakuna cha kumpa badala yake. Muuguzi mwenye busara humwachia kazi: avae jukumu la kuandaa maji safi ya vuguvugu ya kuoshea msamba, akande mgongo wa mzazi kwa kitambaa cha joto la kawaida, akande matiti yaliyojaa kabla ya kunyonyesha, ampikie uji. Tumbo liachwe.

Mkono wa mchuaji

Kuchua misuli iliyochoka ni jambo jema, na maumivu ya kawaida ya mgongo wa mkulima hupungua kwa kuchuliwa, yakifuatwa na kurudi kazini taratibu badala ya kulala kitandani majuma mawili. Lakini mkono hauoni kilicho chini yake. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu ya ndama, hasa kwa aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au aliyelala muda mrefu, unaweza kuwa na donge la damu. Kuuchua kunaweza kulisukuma donge hilo hadi mapafuni na kumwua mgonjwa mikononi mwa mchuaji. Mgongo unaouma usiku na mchana, pamoja na kukonda, jasho la usiku au kibyongo kinachochomoza, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na pingili zilizooza hazistahimili kubinywa. Bega la upande uliopooza nalo halivutwi: misuli inayolishika imelegea, na anayemwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono hulichomoa bila kujua.

Kujifukiza kwa nyungu, ambako Watanzania wengi walikurudia wakati wa korona, kunafanana na vyumba vya mvuke vya vituo vya majimoto. Hulegeza makamasi na kumpa nafuu mwenye mafua. Hakuui virusi mapafuni, na mwenye pumu anaweza kubanwa zaidi. Watoto wadogo wawekwe mbali na chungu.

Dawa isiachwe

Hatari moja haimo katika maji wala mikononi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa za kufubaza virusi wakiamini wamekwisha kupona. Kila tiba inayompa mgonjwa raha ina uwezo wa kumdanganya namna hiyo. Mwenye shinikizo la damu hukaa katika maji ya moto, mishipa hutanuka, na akipimwa hapohapo kipimo huonekana kimeshuka. Hurudi nyumbani na kuweka vidonge kabatini. Baada ya saa chache shinikizo liko palepale. Isitoshe, akiinuka ghafla majini huweza kuzimia. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka baraza la kuwasajili watoa tiba hizo, na mgonjwa ana haki ya kumwuliza yeyote anayemtoza fedha kama amesajiliwa. Mtoa tiba anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali amekwisha kujieleza.

Mtumishi wa zahanati anayemruhusu mgonjwa kutumia maji ya vuguvugu, mazoezi au uchuaji aanze kwa kuandika kipimo kinachoweza kurudiwa: mgonjwa huinuka mara ngapi kutoka kwenye kiti kwa nusu dakika bila kushika kitu, au mkono wake hufika wapi anapouinua ukutani, palipotiwa alama ya mkaa. Kipimo hicho kirudiwe baada ya majuma mawili, na tena baada ya majuma sita. Kikipanda, mgonjwa aendelee. Kisipopanda kwa majuma sita, au ganzi ikizidi, mguu ukilegea, haja ndogo au kubwa ikishindikana kuzuilika au kutoka, apewe rufaa kwenda hospitali iliyo karibu, iwe Liuli, Litembo au Peramiho, au hospitali ya rufaa ya mkoa Songea, na katika barua ya rufaa iandikwe pia kila tiba aliyokwisha kuitumia nyumbani, ikiwemo ile anayoona haya kuitaja.